Mbuzi wanne, pigo moja na simu ya marehemu: uchambuzi wa kisa kutoka Dodoma

Kisa hiki nilikishughulikia mwenyewe, nikiwa wakili niliyepangiwa na mahakama kumtetea mshtakiwa wa kwanza. Nimeondoa majina, kijiji, mwaka na namba za mashauri, na takwimu ndogondogo nimezibadilisha ili watu wasitambulike. Badala ya majina natumia undugu na ujirani: Marehemu, Mkwe (baba wa mke wake), Shemeji (kaka wa mke, ndiye niliyemtetea), Jirani, na Kijana wa bodaboda. Namba za vifungu ni za Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la 2022. Anayetumia toleo jipya zaidi alinganishe kabla ya kunakili kwenye hoja zake.

Nimekichagua kwa sababu ndani ya muda usiofika saa moja kimebeba wizi, unyang'anyi wa kutumia silaha, kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na karibu kila aliyekigusa alikosea jina la kosa moja au zaidi. Mimi pia nilikosea mwanzoni. Tulitazama mkono umefanya nini, tukachelewa kuuliza mwenye mkono alikuwa anataka nini wakati anaunyanyua.

Usuli

Ni kijiji cha wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, kusini mwa jiji la Dodoma. Marehemu alikuwa ameoa hapo miaka kadhaa nyuma, akatoa mahari ya ng'ombe na mbuzi. Ndoa ikavunjika, mke akarudi kwao, na baada ya muda akaolewa na mtu mwingine ambaye naye alitoa mahari. Marehemu akaanza kudai mifugo yake.

Suala lilifika kwa viongozi wa kijiji. Likaandikwa kwenye karatasi ya daftari la mistari: Mkwe atarudisha mbuzi watano baada ya mavuno. Wakaweka sahihi wadai na wadaiwa, muhuri wa bluu ukagongwa pembeni, na chini kabisa kukawa na sahihi za mashahidi wawili. Mmoja wa mashahidi hao alikuwa Shemeji. Naomba msomaji aikumbuke sahihi hiyo.

Mavuno yakapita. Mbuzi hawakurudishwa.

Kilichotokea, kwa mpangilio

Jioni moja ya kiangazi, jua likiwa linazama na mbuzi wakirudi zizini, Marehemu alifika akiwa na fimbo. Zizini alimkuta mtoto wa miaka kama kumi, mjukuu wa Mkwe. Mtoto alimwamkia, naye akaitikia. Akatenga mbuzi wanne, akaanza kuwaswaga. Akamwambia mtoto: "Mwambie babu nimechukua mbuzi wangu. Bado mmoja."

Mtoto alikimbilia kwa bibi yake jikoni. Bibi hakusubiri maelezo ya mahari, alipiga yowe. Anayejua vijiji vyetu anajua yowe likishapigwa halirudishwi. Wanaume walitoka na walichokuwa nacho: Shemeji na fimbo yake ya kuchungia, Jirani na mpini wa jembe, Kijana na pikipiki yake na rungu alilozoea kulifunga nyuma ya kiti. Wengine kama kumi hawakuwahi kujulikana vizuri.

Walimfikia kwenye korongo kavu, mwendo wa kilomita moja hivi. Kulikuwa na majibizano. Marehemu alirusha fimbo yake ikampata Shemeji begani. Shemeji akapiga mara moja, pigo likatua upande wa kushoto wa kichwa. Marehemu akaanguka. Jirani akampiga miguuni mara mbili akiwa chini. Watu wakaanza kukusanya mbuzi.

Hapo ndipo Kijana alipofika, akashuka kwenye pikipiki, akammulika majeruhi kwa simu yake, akaingiza mkono mfukoni mwa majeruhi, akatoa simu na shilingi 85,000. Alimpa mwenye pikipiki nyingine 10,000 ya mafuta amkimbize majeruhi zahanati. Zilizobaki akaondoka nazo, pamoja na simu.

Zahanati haikuwa na gari. Majeruhi alilala hapo usiku kucha, akafariki kesho yake mchana akiwa njiani kupelekwa hospitali. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilisema chanzo ni damu kuvuja ndani ya fuvu. Michubuko ya miguu ilitajwa, lakini daktari alisema haikuchangia kifo.

Shemeji na Jirani walikamatwa asubuhi iliyofuata. Kijana alikamatwa siku ya tisa, simu ikiwa na laini nyingine.

Mashtaka yalivyoandikwa

Yalikuwa mashauri mawili. Shemeji na Jirani walishtakiwa Mahakama Kuu kwa kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196, ambacho adhabu yake chini ya kifungu cha 197 ni kunyongwa hadi kufa. Kijana alipelekwa mahakama ya chini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A, ambacho adhabu yake haipungui miaka 30. Makosa yote mawili hayana dhamana, kwa hiyo wote watatu walikaa mahabusu tangu siku ya kukamatwa.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukiri kosa dogo. Nilimshauri Shemeji akane kuua kwa kukusudia lakini akubali kuua bila kukusudia. Alikubali baada ya kuongea na mama yake. Upande wa mashtaka ulikataa. Walikuwa na shahidi aliyedai kumsikia Shemeji akipaza sauti "Muueni!" kabla ya kupiga, na kwa shahidi wa namna hiyo hata mimi ningekataa. Tukaingia kwenye usikilizwaji kamili.

Uamuzi wa pili uliniumiza kichwa zaidi. Polisi walikuwa wameandika maelezo ya onyo ya Shemeji (yale anayotoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa) mchana wa siku iliyofuata kukamatwa kwake, wakati Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za mwanzo za mahojiano, na hapakuwa na kumbukumbu yoyote ya kuongeza muda. Nilijua nikipinga yataondolewa. Lakini ndani ya maelezo hayohayo kulikuwa na sentensi moja nzuri kwetu, kwamba Marehemu ndiye aliyeanza kupiga. Nikiyaondoa, naondoa na sentensi hiyo. Nikiyaacha, naacha pia ukurasa mzima wenye maneno ambayo Shemeji aliapa hakuyasema. Nilipinga, yakaondolewa, na kuanzia hapo ilibidi Shemeji apande kizimbani mwenyewe kueleza ugomvi, na ahojiwe.

Uamuzi wa tatu ulitokana na huo wa pili. Nilihitaji kitu kingine cha kuonyesha kwamba kulikuwa na mapigano, na Shemeji hakupewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kituoni. Nikaomba daftari la zahanati ya gereza. Siku ya kuingia kwake kulikuwa na mstari mmoja, kalamu nyekundu: "uvimbe bega la kulia, maumivu, panadol." Mstari huo ulitusaidia kuliko hoja zangu zote za maandishi.

Uamuzi wa nne ulihusu ile karatasi ya mbuzi watano. Ilikuwa mikononi mwa mdogo wa Marehemu, imekunjwa mara nne ndani ya kadi ya kliniki. Upande wa mashtaka uliitoa kama kielelezo kuonyesha kulikuwa na chuki ya zamani. Ningeweza kuipinga, maana mtoaji hakuwa aliyeiandika. Sikupinga, na nitaeleza sababu katika uchambuzi.

Matokeo

Mahakama Kuu ilimtia Shemeji hatiani kwa kuua bila kukusudia, chini ya kifungu cha 195. Kosa hilo linaweza kufikia kifungo cha maisha kwa kifungu cha 198. Alipewa miaka sita, muda wa mahabusu ukizingatiwa. Jirani aliachiwa huru. Kijana hakutiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mahakama iliona ushahidi umethibitisha wizi wa kawaida, ikamhukumu miaka miwili.

Uchambuzi

Je, mbuzi waliibwa?

Kijiji kizima kilijibu ndiyo. Hati ya mashtaka ilikwepa swali. Majibu ya sheria ni tofauti na ya kijiji.

Kifungu cha 258 kinataka mambo manne yakutane: kitu kinachoweza kuibwa, kukichukua, kukichukua kwa hila, na kukichukua bila kudai haki juu yake. Mbuzi ni kitu kinachoibika, hakuna ubishi. Kwa mifugo kuna hata kifungu chake cha adhabu, cha 268, ambacho ni kikali kuliko miaka saba ya wizi wa kawaida. Kuchukua kumetimia pia, kwa kuwa sheria inahesabu kitu kimechukuliwa pale kinaposogezwa, na mbuzi walikuwa wameshatoka zizini. Ila mambo mawili ya mwisho hayapo. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba anachukua chake, bila nia ya kudanganya, hawajibiki kwa kosa la mali. Ndivyo kifungu cha 9 kinavyosema. Na wanafunzi wengi huteleza hapa: dai hilo si lazima liwe sahihi. Yawezekana kisheria hakuwa na haki ya kujichukulia, kwamba alipaswa kufungua shauri la madai akasubiri. Kinachopimwa ni ukweli wa imani yake.

Tunaujuaje ukweli wa imani ya mtu aliyekufa? Kwa maneno aliyomwambia mtoto. Mwizi haachi salamu kwa mwenye mali. Mwizi aliyeandikiwa mbuzi watano hahesabu wanne na kusema bado mmoja. Alikuja kabla giza halijaingia, akaonekana, akaitikia alipoamkiwa. Ushahidi wa mtoto ulipokelewa baada ya kuahidi mbele ya jaji kwamba atasema kweli na hatasema uongo, utaratibu uliowekwa na marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016. Ahadi hiyo ikisahaulika kuandikwa kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za shauri, shahidi muhimu kama huyu anaweza kupotea kwenye rufaa. Jaji aliiandika neno kwa neno.

Sasa ile karatasi. Ilikuwa kisu chenye makali pande mbili. Kwa upande mmoja ilituumiza: Shemeji alikuwa shahidi wa makubaliano, kwa hiyo hakuweza kusimama akasema alidhani anamfukuza mwizi asiyemjua. Utetezi wa kukosea ukweli wa jambo kwa nia njema, na ule wa raia kumkamata mhalifu, ulikuwa umekufa kabla sijaufungua. Kwa upande mwingine iligeuza tukio zima. Halikuwa tena kundi linalowinda mwizi ili limmalize. Likawa ugomvi wa wakwe juu ya deni, ugomvi uliokuwa umesuluhishwa nusu. Nilipima, nikaona nafuu ni kubwa kuliko jeraha. Wenzangu wawili waliosoma jalada baadaye waliniambia wangepinga. Huenda.

Nani alisababisha kifo?

Wakili wa Jirani alijenga hoja ndefu juu ya usiku ule zahanati: kwamba kama gari lingepatikana, mtu angepona. Ni hoja inayogusa moyo, hasa kwa anayejua umbali wa hospitali zetu, lakini kifungu cha 203 kimeifunga mapema. Anayemjeruhi mtu anahesabiwa amesababisha kifo hata kama majeruhi angeweza kupona kwa matibabu sahihi, na hata kama tendo lake lisingeua bila kuungana na tendo au uzembe wa mtu mwingine. Kuchelewa kwa gari hakufuti pigo. Muda wa mahakama uliotumika hapo ungefaa kutumika kwenye nia.

Pigo moja na nia ovu

Kinachotenganisha kifungu cha 195 na cha 196 ni nia ovu tu. Wengi wanadhani maana yake ni kupanga kuua. Kifungu cha 200 ni kipana zaidi: kukusudia kumdhuru vibaya kunatosha, na hata kujua kwamba tendo lako huenda likaua au likadhuru vibaya, ukaendelea bila kujali. Kwa kipimo hicho, fimbo ngumu kichwani ni hatari kubwa kwa mshtakiwa, na wakili asiyemweleza mteja wake hivyo hamtendei haki.

Mahakama ya Rufani katika Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 150 ya 1994, ilieleza nia hiyo inavyosomwa kutokana na mazingira: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada. Tuliweka tukio kwenye vipimo hivyo kimoja kimoja. Kichwa kilituhukumu. Pigo kuwa moja lilitusaidia. Fimbo ilikuwa ya kuchungia, aliyoishika mchana kutwa, hakwenda kuitafuta. Baada ya pigo hakurudia.

Maneno ndiyo yaliyobaki. Shahidi wa tatu alisema alisikia "Muueni!" Shahidi wa tano, aliyesimama karibu zaidi, alisema neno lilikuwa "Mkamateni!" Nilimuuliza wa tatu alikuwa umbali gani. Akaonyesha kutoka kizimbani hadi ukuta wa nyuma, kisha akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mbuzi walikuwa wanalia na watu wote wanapiga kelele. Upande wa mashtaka una jukumu la kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi, na neno moja lililosikika katikati ya kelele namna ile halikuweza kubeba kitanzi.

Kisha ukaja msimamo uliozoeleka tangu Moses Mungasiani Laizer dhidi ya Jamhuri ya 1994: kifo kikitokana na mapigano au kuchokozwa, kwa kawaida kosa ni kuua bila kukusudia. Ule mstari wa kalamu nyekundu kuhusu bega ndio uliotuingiza humo. Hoja ya kuchokozwa peke yake, kwa vifungu vya 201 na 202, ingekuwa dhaifu, maana aliyechukuliwa mbuzi wa deni anayelijua hawezi kulalamika kirahisi kwamba amefanyiwa jambo la ghafla la kumtoa akili.

Jirani na nia ya pamoja

Hapa sijaridhika hadi leo. Kifungu cha 23 kinawafunga wote walioungana katika lengo lisilo halali, kama kosa lililotokea lilikuwa tokeo la kutarajiwa la lengo hilo. Mahakama iliona waliitikia yowe kwenda kurudisha mbuzi, na kwamba lengo hilo lenyewe si haramu. Sawa. Lakini nia ya pamoja haihitaji kikao; inaweza kuzaliwa pale korongoni. Mtu anayempiga aliyeanguka miguuni anafanya nini, anarudisha mbuzi? Wakili wa serikali angembana hapo, au angeweka shtaka mbadala la kujeruhi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Jirani akatoka huru baada ya karibu miaka mitatu mahabusu, jambo ambalo nalo ni adhabu ambayo hakuna aliyeitamka.

Simu na zile shilingi

Unyang'anyi, kwa kifungu cha 285, ni wizi uliofungwa na nguvu kwa kamba ya kusudi: nguvu zitumike ili kupata kitu, au kubaki nacho, au kushinda upinzani. Kifungu cha 287A kinaongeza silaha, lakini kamba ni ileile. Upande wa mashtaka ulikuwa na rungu, ulikuwa na kipigo, ulikuwa na simu. Ukavijumlisha. Ila kipigo kilikuwa cha Shemeji na Jirani, kwa ajili ya mbuzi, na kilikuwa kimekwisha. Rungu halikutumika wala kutumika kumtishia mtu. Tamaa ya simu ilizaliwa baada ya mtu kulala chini. Ni tendo la aibu kupita mengi niliyoyaona, lakini si unyang'anyi.

Kukutwa na simu siku ya tisa kulimfunga kwa wizi bila shida. Masharti yaliyowekwa katika Joseph Mkumbwa na mwenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya 2007, yalitimia: ilikutwa kwake, ndugu wa Marehemu aliitambua kwa ufa wa kioo na namba ya kifaa kwenye boksi, iliibwa karibuni, na ndiyo iliyotajwa kwenye shtaka. Kanuni hii ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Tangu shauri la Bakari Abdulla la 1949 katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki inakubalika inaweza kumfikisha mtu hadi kwenye mauaji, pale wizi na kifo vinapokuwa tukio moja. Kijana aliponea kwenye uzi mwembamba: mashahidi walimwona akifika baada ya pigo.

Kuhusu fedha, alijitetea kwamba angerudisha. Kwa fedha taslimu utetezi huo hauna kitu, kwa sababu kifungu cha 258 kinasema kuchukua fedha kwa nia ya kuzitumia upendavyo ni hila, hata kama ulikusudia kulipa baadaye. Lakini hakimu alizitenga zile 10,000 za mafuta, akasema hizo zilitumika kwa faida ya Marehemu mwenyewe na hazina hila ndani yake. Hati ya mashtaka ilisema 85,000. Hukumu ikasema 75,000. Sijawahi kuona vipengele vya wizi vikipimwa kwa umakini kiasi hicho katika mahakama ya chini, na ningependa kumwambia hakimu huyo hivyo.

Kilichoharibika kwenye upelelezi

Fimbo ilichukuliwa na kiongozi wa kitongoji. Ilikaa siku tatu ofisini kwake ikitumika kukazia mlango usifunguliwe na upepo. Ilipofika mahakamani hakuna aliyeweza kusema ndiyo yenyewe, ikakataliwa. Mbuzi walirudishwa zizini usiku uleule bila kuhesabiwa mbele ya shahidi huru wala kupigwa picha, hivyo idadi ya wanne ilisimama kwa kauli ya mtoto peke yake. Na hakuna mpelelezi aliyemuuliza Mkwe, kwenye maelezo yake ya kwanza, kama kulikuwa na deni. Swali hilo lingebadilisha hati ya mashtaka kabla haijaandikwa, na huenda ombi letu la kukiri kosa dogo lingekubaliwa miaka miwili mapema.

Siku ya hukumu, mdogo wa Marehemu alinifuata nje, ingawa nilikuwa wakili wa upande wa pili. Hakuuliza kuhusu miaka sita. Aliuliza mbuzi wa kaka yake sasa atawadai wapi. Nilimwelekeza aende Mahakama ya Mwanzo aombe usimamizi wa mirathi, kisha afungue madai dhidi ya Mkwe kwa kutumia ile karatasi. Akaniambia karatasi imebaki ndani, imegongwa alama ya kielelezo. Tukarudi wote wawili masjala kuandika barua ya kuomba nakala.